Picha ya Ubatizo na Safari ya Lubumbashi

Wengi mliuliza kwa nini tangu mwezi wa nane kiti changu kilikuwa kitupu kwenye mkutano wa Jumamosi. Wengine walidhani nimekasirika juu ya hesabu za likelemba. Hapana. Nilikuwa Lubumbashi na binti yangu na mjukuu wangu, na jambo lililotupeleka huko lilianza na picha.

Ilikuwa picha ya ubatizo. Mtoto alikuwa na miezi mitano. Ndani ya kanisa mlikuwa na giza kidogo, umeme ulikuwa umekatika, basi mjomba wake akapiga picha kwa simu huku taa yake ikimulika. Jioni tukaketi uani tukipokezana ile simu. Kwenye jicho la kuume la mtoto kulikuwa na doa jekundu, kama macho ya watu yanavyotoka mara nyingi kwenye picha za namna hiyo. Kwenye jicho la kushoto doa lilikuwa jeupe, kama punje ya muhindi. Tulicheka. Mtu mmoja akasema ni simu ya bei rahisi. Kesho yake nilimbeba mtoto hadi mlangoni, kwenye mwanga wa asubuhi, nikaliona hata bila simu: katikati ya mboni nyeusi kulikuwa na kitu cheupe, kidogo, kama tone la maziwa.

Nitasema ukweli wote, la sivyo hakuna haja ya kuandika. Baada ya kuliona lile doa, nilingoja miezi tisa.

Sikungoja kwa kutompenda mtoto. Mvua ilikuwa imeanza, na njia ya Lubumbashi wakati wa mvua mnaijua. Baba yake alikuwa chini ya ardhi na wenzake wakifuata mshipa wa madini ambao kila juma ulikuwa karibu kuonekana. Sokoni niliuziwa dawa ya matone. Jirani mmoja alisema ni jicho la mtu, mwingine alisema ni vumbi la migodi, na mahali fulani pa matibabu niliambiwa mtoto bado ni mdogo mno, tungoje akue. Hilo la mwisho ndilo lililonipendeza zaidi, kwa sababu halikudai pesa. Binti yangu alitaka kwenda tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyesema, ngoja kiangazi.

Dada zetu wanaosoma jarida hili mbali na hapa hunitaka kila mara nieleze Kolwezi ni mji wa namna gani, basi nieleze kabla sijapanda basi. Tuko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na wakati wa kiangazi asubuhi ni baridi hasa. Mji ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya shaba, na mpaka leo unaishi kwa shaba na kobalti. Tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya jimbo la Lualaba, Katanga ya zamani ilipogawanywa. Ukisimama mahali palipoinuka utaona vilima vilivyo bapa juu kama meza. Havikuumbwa hivyo, ni udongo uliotolewa kwenye mashimo ukamwagwa hapo. Mawe ya shaba yana rangi ya kijani. Ya kobalti ni meusi, na mtu asiyeyajua angeyapita tu. Kule Kasulo, mwaka 2014, mtu alichimba kwenye kiwanja cha nyumba yake akakuta kobalti chini, na baada ya hapo mtaa mzima ukaanza kuchimba, sebuleni, uani, chini ya vitanda. Wanawake wengi wa huku huosha na kuchagua mawe, miguu majini, watoto mgongoni.

Kobalti hiyo huenda kwenye betri za simu. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na labda ile simu iliyotuonyesha jicho la mtoto ilikuwa na udongo wetu ndani yake.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, giza bado. Kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi ni kama kilometa 300, na ungefika mapema kama njia ingekuwa ya watu peke yao. Lakini ni njia ya malori. Yanatoka migodini yamefunikwa turubai, yanapanga mstari, yanaelekea Lubumbashi na kisha mpaka wa Kasumbalesa, na basi dogo hukaa nyuma yao likila moshi. Tulivuka daraja la Lualaba jua likichomoza. Mto ulikuwa umetulia, na mwanamke mmoja kando yangu akafanya ishara ya msalaba, nami nikafanya kama yeye ingawa mimi si Mkatoliki. Baada ya hapo ni miti ya miombo, mingine imekatwa ikawa makala, na vichuguu vikubwa kama nyumba. Magunia ya makala yamesimama kando ya njia na hakuna mtu wa kuyalinda. Fungurume tulisimama kununua mikate na maji. Likasi, mji ule ulio kati ya vilima, ambao wazee bado wanauita Jadotville, tulisimama tena kwa sababu ya tairi. Binti yangu hakusema neno. Mtoto alicheza na kamba ya begi langu, na mimi, kwa mara ya kwanza nikiwa na muda wa kukaa na kumtazama tu, nikaona kwamba kila alipotaka kitu aligeuza kichwa kidogo kushoto, ili jicho la kuume litangulie.

Tulifika alasiri, tukiwa wekundu kwa vumbi. Mtoto wa mdogo wangu alitupokea. Yeye ni daktari kijana, anaendelea kusomea magonjwa ya macho, na kwa kuwa mimi ni dada mkubwa wa mama yake, ananiita Mama Mkubwa. Nilipompigia simu kwanza, miezi ile, nilimwambia mtoto ana "kadoa kadogo." Alipoliona hakusema kitu. Alifunga mlango, akafunga pazia, akawasha kile chombo chao cha mwanga, akakaa umbali wa mkono mmoja, akatazama jicho la kuume, la kushoto, tena la kuume. Kisha akaniita nitazame. Nikiwa nimeweka jicho kwenye tundu la chombo, nikaona jicho la kuume la mjukuu wangu likiwaka rangi ya makaa. La kushoto lilikuwa kijivu, limezimika. Ndiyo ile picha ya ubatizo, akasema. Mwanga ukiingia kwenye jicho zima hupita hadi nyuma, hupiga kwenye utando wenye damu, hurudi mwekundu. Kukiwa na kitu njiani, hurudi mweupe au haurudi kabisa.

Akasema neno jingine ambalo lilinikalisha chini. Doa jeupe kwa mtoto linaweza kuwa mtoto wa jicho, yaani ile lenzi ya ndani imechafuka, au linaweza kuwa saratani ya ndani ya jicho, na saratani hiyo huua. Huwezi kujua kwa kutazama mlangoni kwenye mwanga wa asubuhi. Miezi tisa, wamama. Nilikuwa nimengoja miezi tisa bila kujua ni kipi kati ya hivyo viwili.

Siku ya pili profesa wake alitupokea. Ni mwanamke wa umri wangu, sauti ndogo, viatu vya kawaida. Nilitarajia atamshika mtoto mwenyewe, ndiyo sababu tumetoka mbali. Hakumshika. Alivuta kigoda kifupi, kile cha jikoni kabisa, akamwambia mwanangu akae hapo, ili macho yake yawe sawa na ya mtoto. Yeye akasimama nyuma, mikono mgongoni. "Muulize mama kwanza," akasema. "Aliona nini, siku gani, nani mwingine aliona." Mwanangu akaanza kutuuliza. Aliporuka jambo, profesa alikohoa tu. Binti yangu alieleza ile picha, akaitoa kwenye simu, na profesa ndipo akasogea, akaitazama muda mrefu, akasema, "Hii ni karatasi ya kwanza ya faili lake."

Ilichukua asubuhi nzima. Watu kwenye baraza walinung'unika, nami ningekuwa nje ningenung'unika. Mwanangu alikosea jambo moja la vipimo; profesa hakumsahihisha, alimwambia apime tena. Alipima tena. Jasho lilikuwa likimtoka. Nilipoona hivyo nilikumbuka mama yangu alivyonifundisha kusonga bukari: alikaa kando na mwiko wake mapajani, na hakunipokonya wangu hata siku moja, hata ugali ulipokuwa na mabonge na wageni wako mezani.

Haikuwa saratani. Ilikuwa mtoto wa jicho. Binti yangu alilia, mimi nikashukuru kwa sauti, na profesa akatungoja tumalize. Kisha akasema, "Sasa kuna habari nyingine. Jicho tutalisafisha. Lakini jicho si pahali pa kuonea." Akamgeuza mtoto taratibu, akamwekea kiganja kisogoni. "Anaonea hapa."

Nilidhani ni mithali. Jioni, tukila bukari na sombe nyumbani kwa mwanangu, nikamwambia aeleze. Alieleza mpaka usiku, na nitawapa kama nilivyoshika.

Jicho hupokea mwanga tu. Nyuma yake kuna mshipa wa fahamu wenye nyuzi nyembamba zipatazo milioni moja, unaopeleka habari ndani, na mwisho wa njia ni sehemu ya ubongo iliyo kisogoni. Huko ndiko mwanga unakuwa uso wa mama, sahani, mlango. Lakini kisogo hakizaliwi kinajua kazi hiyo yote. Mtoto mchanga huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimeta 20 hadi 30, ndio umbali kutoka kwenye titi hadi kwenye uso wako unapomnyonyesha. Anajifunza hapo. Kila siku jicho linatuma habari, na kisogo kinajenga chumba cha kuzipokea. Jicho moja lisipotuma kitu, kisogo hakiachi chumba kitupu. Kinampa jirani.

Nikamuuliza wanajuaje, nani amefungua kichwa cha mtoto akaona. Akasema hawakufungua cha mtoto. Ndipo akaniambia habari za watu watatu katika labo moja.

Wa kwanza ni Stephen Kuffler, mzaliwa wa Hungaria, daktari, aliyekimbia Ulaya wakati vita vikikaribia akafanya kazi Australia, kisha Marekani. Katika hospitali ya Johns Hopkins, mji wa Baltimore, alichunguza seli za jicho la paka akaandika mwaka 1953 jinsi zinavyoitikia kidoa cha mwanga. Mwaka 1958 vijana wawili walianza kazi pamoja chini yake: David Hubel wa Kanada na Torsten Wiesel wa Sweden. Walipewa mahali pasipo na dirisha, chini ya jengo. Hubel alikuwa ametengeneza mwenyewe waya mwembamba sana wa madini ya tungsteni, unaoweza kusikiliza seli moja ya ubongo na kuitoa sauti kwenye spika. Walimwonyesha paka vidoa vyeusi na vyeupe kwa vipande vya kioo. Saa nyingi seli haikusema kitu. Kisha, walipokuwa wakiingiza kioo kimoja kwenye mashine, spika ikalia kama mvua ya mawe juu ya mabati. Haikuwa kidoa. Ilikuwa ukingo wa kile kioo, kivuli chake chembamba, mstari uliopita ukiwa umelala upande mmoja. Seli ile ilikuwa ikingoja mstari, na mstari wa upande ule tu. Hivyo ndivyo walivyoanza kujua kwamba kisogo hujenga uso wa mtu kwa kuanza na vijistari.

Mwanangu anawapenda watu hawa kama wengine wanavyopenda wacheza mpira. Alinieleza kwamba mtaalamu mkubwa mmoja pale Hopkins alikuwa amechunguza seli mamia, nao wakaona aibu ya kuanza na nambari moja, basi wakaanza kuhesabu seli zao kutoka 3,000. Alinieleza kwamba walifanya kazi mpaka usiku wa manane, na Hubel alijua muda wa kufunga umefika Wiesel alipoanza kumsemesha Kiswidi. Hapo nilicheka kweli, kwa sababu mimi nikichoka Kiswahili kinaniacha, nabaki na lugha ya nyumbani.

Lakini alilotaka nilisikie ni la Kuffler. Ndiye aliyewakutanisha, ndiye aliyekuwa mkuu, na kazi yao yote ilitoka kwenye mlango aliokuwa ameufungua yeye. Hata hivyo hakuweka jina lake kwenye maandiko ya vijana wake. Kama hakufanya jaribio kwa mikono yake, jina lake halikuwamo. Mwaka 1981 Hubel na Wiesel walipewa tuzo ya Nobel. Kuffler alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. "Profesa wangu hutueleza habari hiyo kila mwaka," mwanangu akasema, "na ndiyo sababu anasimama nyuma ya kigoda."

Halafu akaja kwenye paka wadogo. Hii sehemu haikunipendeza, na sitaificha. Hubel na Wiesel walishona kope la jicho moja la mtoto wa paka, wakaliacha limefungwa katika miezi yake ya kwanza, kisha wakalifungua. Jicho lilikuwa zima. Lakini kisogoni karibu seli zote zilikuwa zimehamia kwa jicho lingine; lile lililofungwa halikuwa na pahali tena, na paka hakuona nalo. Walipofanya hivyo hivyo kwa paka mkubwa, hakuna kilichoharibika. Waliandika hayo kuanzia mwaka 1963. Binti yangu akasema ni ukatili, na mwanangu hakubishana naye. Alisema tu kwamba kabla ya hapo watoto wengi waliozaliwa na mtoto wa jicho waliachwa wakue kwanza ndipo wapasuliwe, na jicho lililosafishwa halikuona, na hakuna aliyejua kwa nini. Leo mtoto aliyezaliwa na jicho moja limezibwa kabisa hutakiwa apasuliwe katika majuma yake ya kwanza.

Majuma. Niliweka kijiko chini.

Naye akaona, kwa maana amelelewa vizuri. Akasema, "Mama Mkubwa, hauko peke yako." Akanieleza kwamba huko Moshi, Tanzania, kwenye hospitali ya KCMC, watafiti waliwahi kuwauliza wazazi walioleta watoto wenye mtoto wa jicho walichelewa muda gani na kwa nini, wakaandika mwaka 2005. Wengi walikuwa wameona tatizo muda mrefu kabla ya kuja. Waliochelewa zaidi ni waliokaa mbali na hospitali, na wale ambao mama hakusoma sana. Nikakasirika kidogo. Elimu ya mama! Na baba je, na nkambo je, anayesema ngoja kiangazi? Akacheka akasema hilo ndilo swali zuri, niende nikalifanyie utafiti.

Tulingoja siku nane zamu ya kupasuliwa, kwa sababu mtoto hulazwa usingizi mzito na mtaalamu wa usingizi wa watoto ana kazi nyingi. Katika siku hizo niliuliza tena lile la vumbi. Nilitaka liwe vumbi. Kama ni vumbi basi si mimi, si damu yetu, si uchawi wa mtu; ni migodi, na migodi inaweza kubeba lawama nyingi bila kuinama.

Mwanangu alinipeleka kwa profesa na swali langu. Profesa akasema kuna watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wanaojua habari za vumbi kuliko yeye. Mwaka 2018 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake wa Lubumbashi, pamoja na wa Leuven kule Ubelgiji, walichapisha utafiti wa Kasulo yetu. Walipima mkojo na damu ya watu na vumbi la nyumba, wakalinganisha na mtaa wa jirani usio na machimbo. Watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi mwilini, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. "Lakini walipima mkojo na damu," akasema. "Hawakupima macho. Mimi siwezi kuchukua jibu lao nikaliweka kwenye jicho la mjukuu wako. Kuna watoto wanaozaliwa hivi kwa sababu ya ugonjwa wa rubela mama akiwa na mimba, wengine ni urithi, na wengi hatujui kamwe." Kisha akamgeukia mwanangu, si mimi: "Usiseme zaidi ya ulichopima."

Nilitoka bila mtu wa kumlaumu.

Upasuaji ulikuwa Jumanne. Walitoa lenzi iliyochafuka wakaweka ya bandia. Mwanangu alikuwa ndani, akishika vyombo na kutazama. Bado hapasui watoto. Alipotoka alikuja kukaa nasi kwenye ngazi na kofia yake ya chumba cha upasuaji mkononi, akasema jicho sasa ni safi. Hakusema linaona.

Kwa kuwa hapo ndipo kazi inapoanza. Kisogo cha mjukuu wangu kimekaa miezi 14 kikisikiliza jicho moja. Lile la kushoto sasa linagonga mlango wa nyumba iliyokwisha kupata wapangaji. Dawa yake ni kulifunika jicho zuri kwa plasta, saa nne kila siku mtoto akiwa macho, ili kisogo kilazimike kusikiliza lile vivu; na miwani, iliyofungwa kwa kamba nyuma ya kichwa. Profesa alituambia wazi kwamba huenda jicho hilo lisifikie la mwenzake hata tukifanya yote. Binti yangu akauliza, basi kama tumechelewa, faida iko wapi.

Profesa akamweleza habari za mwanamke wa India aliyezaliwa na mtoto wa jicho macho yote mawili na kupasuliwa akiwa na miaka 12, wakati ambapo vitabu vingesema mlango umefungwa zamani. Watafiti wa Profesa Pawan Sinha, wa chuo cha MIT huko Marekani, walimpima miaka 20 baadaye. Hakuona kama wewe na mimi, lakini alitambua nyuso na vitu, na aliendesha maisha yake kwa macho yake. Tangu mwaka 2005 Sinha na wenzake wamekuwa wakitafuta watoto vipofu wa India, wakiwatibu na kujifunza kutoka kwao jinsi ubongo unavyoanza kuona. Baadhi yao, siku za kwanza baada ya kufunguliwa macho, huonyeshwa kitu walichokishika kwa mkono muda huo huo na hawakitambui kwa macho. Baada ya siku chache hukitambua. "Kuchelewa kunapunguza," profesa akasema. "Kila mwezi unaoongeza unapunguza zaidi. Nendeni mkaweke plasta."

Tumerudi tangu mwanzo wa mwezi wa kumi. Njia ilikuwa ile ile, malori yale yale, sasa na mawingu ya mvua ya kwanza upande wa Fungurume. Plasta ni vita. Siku tatu za kwanza aliibandua kabla sijamaliza kuibandika, akalia mpaka majirani wakaja kuuliza kama anapigwa. Fikirini: unamfunga mtoto jicho analoonea na kumwachia lile lisiloona. Alikaa chini katikati ya uani, mikono mbele, hataki kusogea. Binti yangu alitoka nje ya ua ili asitazame. Mimi nikabaki, kwa sababu hiyo miezi tisa ni yangu. Nilikaa chini karibu naye, uso wangu karibu na wake, umbali ule wa kunyonyesha, nikaimba chochote.

Juma la pili aliacha kulia. Juma lililopita nilikuwa nachagua muhindi kwenye mkeka, yeye kando, plasta jichoni na miwani imekaa upande. Alinyosha mkono, akakosa, akanyosha tena, akashika punje moja. Kisha nyingine. Nikamnyang'anya kabla hajaitia kinywani, akanikasirikia sana.

Mnaniuliza kuhusu pesa za safari. Nusu ilitoka kwenye likelemba yetu, na kamati imekubali nirudishe kidogo kidogo hadi Pasaka, aksanti. Mwezi wa kumi na mbili tunarudi Lubumbashi kupimwa. Mwenye mtoto au mjukuu mwenye doa jeupe kwenye mboni, au ambaye jicho lake bado linakwenda upande baada ya miezi minne, aje kwangu hata usiku, nina nambari ya mwanangu, tutasafiri pamoja. Na tazameni picha zenu za simu, zile za zamani pia.

Jumamosi nitakuja naye mkutanoni. Atakuwa na plasta. Msimwonee huruma mbele yake, na tafadhali, mama yeyote asimbandue.